Jiwe la Lena Kihambani Machame

Mmeniuliza mara nyingi, wengine kwa simu, wengine kwa kunisimamisha njiani nikiwa na kapu la sokoni mkononi: mwalimu, ulikwenda kufanya nini Kilimanjaro, na mlima wenyewe hukupanda? Kila nikianza kueleza, mtu ananikatiza kuuliza kama baridi ilikuwa kali. Ilikuwa kali. Hilo limekwisha, sasa nisikilizeni tangu mwanzo.

Elirehema mnamkumbuka, wale tuliosoma naye chuo cha ualimu. Ni yule Mchagga mrefu aliyekuwa akificha sukari sandukuni. Siku hizi anafundisha shule ya msingi huko kwao Machame. Alinipigia akasema, "Dada, njoo unisaidie. Mimi nikichora ng'ombe, watoto wanadhani ni kitanda." Akanieleza habari za bibi mmoja Myahudi, jina lake Hana. Wazazi wake walikimbia Ujerumani kabla ya vita kuu ya pili, wakapata kazi kwenye shamba la kahawa huko Machame, na Hana akazaliwa hapo hapo. Ndugu zao waliobaki Ulaya waliuawa karibu wote katika Maangamizi ya Wayahudi. Sasa Hana amezeeka, na alikuwa ameiomba shule jambo moja: kwa kila jina la ndugu zake, mtoto mmoja amtendee mtu wema, kisha apake rangi jiwe la mtoni na kuliandika jina lile. Mawe yapangwe chini ya ukuta wa shule, na ukutani ichorwe picha. Mchoraji ndiye aliyekosekana.

Nitasema kweli, kwanza nilijiuliza wafu wa Ulaya wananihusu nini mimi, mstaafu wa Songea mwenye mbuzi wa kuchunga. Halafu nikakumbuka makaburi ya wazee wetu walionyongwa na Wajerumani wakati wa Majimaji, na jinsi bibi yangu alivyokuwa akishusha sauti kila tulipopita pale, akisema wako waliozikwa bila vichwa. Nikampigia Elirehema kumwambia nakuja.

Songea hadi Same

Basi liliondoka vizuri, likaenda vizuri, likatuharibikia siku ya pili. Tulikuwa tumelala Morogoro, na kesho yake mchana, tukiikaribia Same, kukatokea mlio chini ya sakafu na dereva akaegesha pembeni. Kondakta akatangaza kwamba ni dakika chache. Nyinyi mnazijua dakika za kondakta. Tulikaa kwenye kivuli cha basi lenyewe, na kivuli kilipohama tulihama nacho, watu wazima wote, tukiburuta vifurushi vyetu.

Jirani yangu wa kiti alikuwa mama wa Rombo anayeuza mitumba Njombe. Aliponiuliza ninakokwenda nikamwambia Machame. Akanitazama kuanzia kitenge hadi kandambili.

"Na nguo hizo?"

"Zina nini?"

"Hazina kitu, dada yangu. Ndiyo shida yenyewe."

Akafungua furushi lake la kwenda nyumbani, akapekua, akatoa sweta la kiume la kijani, zito, limebakiwa na kifungo kimoja. Nikaanza kukataa. "Nani amekuuliza? Vaa," akasema, na mimi, jua la Same likiwa utosini, nikavaa sweta kwa kumwogopa. Nilimkaribisha dagaa wa Nyasa niliowakaanga nyumbani. Alichukua wawili, akawatafuna muda mrefu sana, akasema ni watamu, kisha akanirudishia mfuko kwa mikono miwili. Watu wa ndizi hao, samaki wanamheshimu tu kwa mbali. Basi lilipopona jua lilikuwa linashuka, naye alisinzia begani kwangu hadi Himo, alikoshukia kwenda kwao.

Moshi

Elirehema alikuwa amenisubiri Moshi tangu mchana. Mtu mmoja pale stendi, kwa kutaka kusaidia tu, akamwambia basi la Songea lilishafika na watu wametawanyika. Akazunguka mji mzima kunitafuta, akakata tamaa, akarudi Machame. Nilipofika nikampigia, akacheka mpaka nikakasirika. Nikalala nyumba ya wageni.

Asubuhi nilimwuliza mhudumu mlima uko wapi. Akanionyesha wingu. "Uko hapo," akasema kwa fahari kabisa, kisha akaniletea chai. Kwenye meza ya nyuma yangu alikaa bibi mmoja wa Kizungu, naye anakunywa maziwa. Tulikaa hivyo tumepeana migongo mpaka Elirehema alipoingia, akatutazama wote wawili, akashika kichwa. "Jamani! Kumbe mmelala nyumba moja!"

Basi bibi yule ndiye Hana. Ni mfupi, nywele nyeupe zimekatwa kama za mvulana, na mtu wa zaidi ya miaka themanini kwa kumwangalia tu. Nikainuka nimwamkie inavyotakiwa. Kabla sijafungua mdomo, yeye akanishika mikono miwili, akapiga goti kidogo, akasema, "Shikamoo, mama."

Nilikwama. Nikimwitikia marahaba, nimemvunjia heshima mtu wa umri wa mama yangu. Nisipomwitikia, nimemnyima salamu. Nikasema vyote pamoja, "Marahaba, shikamoo," na mhudumu akalazimika kwenda jikoni kucheka.

Elirehema alinieleza baadaye. Hana aliondoka Machame na miaka saba, na Kiswahili chake kilisimama hapo hapo. Aliyemlea, yaya mmoja jina lake Aikaeli, alimfundisha kwamba kila mtu mzima ni lazima aamkiwe shikamoo. Tangu hapo hakuna aliyemwambia kwamba naye amekuwa mtu mzima. Alimwamkia mhudumu, alimwamkia mwosha magari, alimwamkia shemeji yake Elirehema aliyekuja na pikapu, kijana wa juzi tu, ambaye alikimbilia kufungua boneti ili ajifiche. Mimi nilimpenda Hana hapo hapo, siwafichi.

Bomang'ombe

Rangi tulikwenda kuzinunua Bomang'ombe, kwa kuwa Elirehema ana duka lake analoliamini. Duka lake analoliamini lilikuwa limefungwa. Mwenyewe alikuwa kwenye kikao cha mazishi ya jirani, na tukaambiwa tusubiri, hachelewi. Tukaingia mgahawa wa jirani, nikaagiziwa mtori.

Huu mtori ni ndizi zilizopikwa na nyama zikapondwa mpaka zikawa uji mzito. Mimi nikadhani ni supu ya kufungulia kinywa. Nikanywa nusu bakuli kwa ustaarabu, nikalisogeza pembeni, nikanawa tena mikono, nikasubiri chakula. Elirehema na Hana wakamaliza vyao, wakajifuta midomo. Nikazidi kusubiri. Mwishowe nikauliza, "Ugali bado?" Hana ndiye aliyeelewa wa kwanza. Akalirudisha bakuli langu mbele yangu na kusema kwa sauti ya yaya, "Kula, mtoto mzuri. Maliza." Nikamaliza.

Mwenye duka alipokuja alituuliza rangi ni za kanisa au za baa, maana alitaka kujua zing'ae kiasi gani. Elirehema akajibu, "Ni za kuwakumbuka marehemu. Ndugu wa huyu mama." Yule bwana akaacha funguo mlangoni, akamwendea Hana, akamshika mkono wake kwa mikono yake miwili.

"Pole sana, mama. Msiba ulikuwa lini?"

"Zamani," Hana akasema. "Kabla mimi sijazaliwa, na baadaye kidogo."

Nilidhani atacheka, au ataona tumemchezea. Hakuuachia mkono. "Ni nani aliyefariki?"

"Bibi. Babu. Mama mdogo. Wengi."

"Wote? Kwa ugonjwa?"

"Waliuliwa."

"Pole," akasema tena, polepole, akainamisha kichwa. "Pole sana, mama. Poleni sana wafiwa." Alikuwa ametoka kwenye kikao cha msiba, na msiba kwake ulikuwa msiba. Hana akaanza kulia, machozi tu bila sauti. Tulipokuwa garini alituambia kwamba maisha yake yote watu wamemwuliza maswali juu ya jambo lile, wengi kwa nia njema, na wengine wamemwombea. Lakini wa kumpa pole kama mtu aliyefiwa, alikuwa huyu. Nami nikakumbuka kwamba tangu asubuhi sikuwa nimempa. Nikampa, pale pale kati ya makopo ya rangi.

Kwa Sadala kupanda Machame

Kwa Sadala ilikuwa siku ya soko, na gari letu lilikwenda mwendo wa mama mjamzito. Mikungu ya ndizi imelazwa hadi barabarani, parachichi zimepangwa mafungu mafungu, na kila mtu anayemjua Elirehema, yaani kila mtu, ilibidi asimame dirishani aulize habari za nyumbani, za ng'ombe, za kahawa, kisha aulize sisi ni wageni wa nani. Hana aliwaamkia wote shikamoo. Nilishaacha kuhesabu waliokimbia.

Kutoka pale tukaanza kupanda. Hewa ikawa nyingine, migomba ikatufunika pande zote mbili na kahawa chini yake, na mimi nikafunga kile kifungo kimoja cha sweta. Tulipoacha lami tukaingia kwenye tope la mvua ya usiku na gari likazama. Mama mmoja aliyekuwa amejitwika mzigo wa majani ya ng'ombe alipofika kwetu akautua, akapandisha gauni kiunoni, akaanza kusukuma. Wakaja wengine. Watoto wakawa wanaimba, "Mzungu! Mzungu!" Hana, aliyekuwa amekataa kukaa ndani na viatu vyake vimeshamezwa na tope, akawageukia, "Mimi si mzungu, mimi wa hapa!" Wakacheka sana. Yule mama wa majani hakucheka. Alimtazama akasema, "Kama ni wa hapa, basi sukuma." Akasukuma.

Shuleni

Ukuta tuliopewa unatazama bomba la maji, mahali ambapo watoto wote hupita. Nilikuwa nimekuja na mawazo yangu ya nyaya za miba na moshi mweusi, niliyoyatoa kwenye picha za vitabuni. Hana akatikisa kichwa. Alitaka meza. Alitaka meza ndefu ya chakula cha jioni, sahani zimepangwa, mkate, mishumaa, na viti vinavyongoja watu. Mama yake alimsimulia meza hiyo mara nyingi walipokuwa wakila ndizi hapa Machame, mpaka yeye akaijua bila kuiona. Basi nikachora meza, na watoto wakapaka. Nikigeuka kidogo, wanaongeza. Nilikuta wameweka kikombe cha mbege, pombe yao ya ndizi, pembeni ya mkate, na bakuli la mtori kwenye kila kiti. Elirehema alitaka nifute. Hana akasema yabaki, wageni wasile mkate mkavu.

Mawe yalikuwa yameokotwa mto Kikafu, ya mviringo, yametulia mkononi. Sharti la Elirehema lilikuwa kwamba hakuna kushika brashi kabla ya kutenda wema, na wema wenyewe atakuja kuuthibitisha aliyetendewa. Ndiyo maana siku zile shule ilijaa wazee. Babu mmoja alikuja kusema amesuguliwa miguu mpaka inang'aa. Mama mmoja alikuja kulalamika kwamba ng'ombe wake ameletewa majani na watoto wanne kwa siku moja, sasa hali tena, anachagua. Msichana mmoja alirudisha mpira ambao darasa la saba walikuwa wakimtafuta mwizi wake tangu muhula uliopita. Kulikuwa na mjadala mkali kama kurudisha ulichoiba ni wema au ni kuacha ubaya. Wakampa brashi, lakini jiwe dogo.

Siku ya kupanga mawe, Hana alikaa kwenye kiti akasoma kila jina, na mtoto mwenye jiwe hilo akalipeleka ukutani. Kisha wakaruhusiwa kuuliza. Msichana yule yule wa mpira akanyoosha mkono.

"Waliowaua walikuja kuomba msamaha?"

Elirehema alijikunyata. Hana akafikiri, akitafuta maneno katika Kiswahili chake cha miaka saba. "Wengine waliomba," akasema.

"Mkawasamehe?"

"Watu wa kuombwa hawakuwepo tena."

Msichana akakaa chini. Tukaenda kunywa uji.

Kihambani kwa Bibi Ndeonansia

Muda wote huo mimi na Hana tulilala kwa Mama Neema, mjane, Mlutheri wa kuamka kabla ya kuku, mwenye ng'ombe wawili na mkono usiotulia. Anaishi na mama mkwe wake, Bibi Ndeonansia, ambaye ni mkubwa kuliko Hana, hasikii vizuri, na ana wivu na magimbi yake kuliko na mtu yeyote. Aikaeli, yule yaya, alikuwa mama mkwe wa Bibi Ndeonansia. Kwa hiyo Hana alikuwa amerudi kwenye nyumba ya mlezi wake, na Aikaeli mwenyewe alikuwepo, hatua chache kutoka jikoni.

Hapa wale wa Songea msikilize vizuri. Mchagga shamba lake la nyumbani, lenye migomba na kahawa, huliita kihamba, na wafu wake huwazika humo humo. Afie Dar, afie Mwanza, afie ng'ambo, ataletwa alazwe kihambani kwao kati ya migomba. Kwa Mama Neema makaburi yamejengewa na kuwekwa marumaru, na yanafagiliwa kama sebule. Kabla ya mgeni kuja, kabla ya Krismasi, kabla ya jambo lolote, kwanza makaburi.

Jioni ya kuamkia siku yetu ya mwisho, Hana alituomba mimi na Elirehema tumsindikize kwenye kaburi la Aikaeli. Akatoa mfukoni kijiwe cha kijivu, kidogo kama harage nene. Akatueleza polepole, na alipokwama Elirehema akamsaidia kwa Kiingereza. Mama yake Hana alikuwa na mdogo wake, Lena, mtoto wa miaka kumi. Walikuwa wakicheza mchezo wa vijiwe, kama mdako wetu. Siku dada mtu alipopanda treni kukimbia, Lena alimtia kijiwe kimoja mfukoni, vingine akabaki navyo, ili dada arudi wamalize mchezo. Lena alichukuliwa pamoja na wazazi wake, wakauawa. Hakuachiwa kaburi, wala picha, wala nguo. Kuna kijiwe hiki tu.

"Mimi mzee," Hana akasema. "Nikifa, watoto wangu watatoa vitu vyangu. Wataona jiwe, watatupa. Nataka likae mahali ambapo watu wanajua ni la nani."

Kwao, anayezuru kaburi huacha jiwe juu yake, kusema nimefika. Akaliweka juu ya kaburi la Aikaeli, pale kichwani, akaweka mkono juu yake muda mrefu. Mama Neema hakuwepo. Alikuwa zizini anakamua.

Asubuhi ilikuwa siku ya kuagana, majirani wanakuja, na Mama Neema akafanya alichofanya maisha yake yote. Aliamka kabla yetu sote, akafagia makaburi, akayaosha kwa maji na sabuni, akazoa majani, matawi na vijiwe kwenye beseni, akaenda kuvimwaga chini ya migomba. Tulipotoka nje marumaru yalikuwa yanameta. Alisimama pembeni na ufagio wake, anangoja tumsifu.

Hana alitazama kaburi. Alipitisha kiganja juu ya marumaru, mara ya kwanza, mara ya pili.

Elirehema ndiye aliyemweleza Mama Neema, kwa Kichagga, kwa sauti ya chini. Niliona uso wake ukibadilika. Ufagio ukamdondoka. "Yesu wangu," akasema, "nimemtupa mtoto wa watu." Akakimbilia migombani, akapiga magoti, akaanza kupekua kwa vidole. Tukamfuata sote. Majirani walipofika na vyungu vya chakula wakaambiwa, wakatua vyungu wakainama nao. Lakini ardhi ya Machame ni changarawe ya mlima, na mvua ya usiku ilikuwa imeilainisha. Kila dakika mtu anainua kijiwe: "Ni hiki?" Hana anakishika, anakigeuza, anatikisa kichwa na kusema asante. Nilishindwa kumtazama. Alisafiri bahari na nchi ili jiwe lile lisitupwe na watu wasiolijua, na likatupwa na mtu aliyempenda, siku ya pili tu.

Mama Neema akaondoka. Nikadhani amekimbia aibu. Akarudi na jani refu la isale, ule mmea wanaoupanda makaburini na kwenye mipaka, akapiga magoti kwenye tope mbele ya Hana, akalinyoosha kwa mikono miwili.

"Huku kwetu," Elirehema akamwambia Hana, "mtu akikuletea isale anaomba msamaha. Na isale haikataliwi."

"Hata kosa kubwa?"

"Hata kubwa."

Hana alikuwa anatazama lile jani, lakini nadhani alikuwa anaona mbali zaidi. Kisha akasema, "Hili naweza. Hili nimeombwa mimi, na mimi nipo." Akalipokea jani, akamwinua Mama Neema, na wale wanawake wawili wakashikana wakalia kwa sauti, nasi tukalia, na Elirehema akajifanya anapenga kamasi.

Hapo ndipo Bibi Ndeonansia alipotoka ndani na fimbo yake. Hakuwa na habari. Alichoona ni kijiji kizima kimejaa kwenye shamba lake.

"Mnanivunjia magimbi! Mnatafuta nini?"

Elirehema akamwinamia sikioni. "Jiwe, bibi. La mtoto, mama yake mdogo Hana."

"Mtoto mwenyewe kazikwa wapi?"

"Hakuzikwa, bibi. Waliwachoma."

Bibi akasimama akilitafuna lile. "Hakuzikwa popote?"

"Popote."

"Na jiwe lake limo humu kihambani?"

"Limo. Hatulioni tu."

"Limeshaingia kwenye udongo?"

"Limeingia, bibi."

"Basi mbona mnamfukua?" akasema, kwa hasira kabisa. "Ameshalala. Mwacheni!"

Elirehema alimtafsiria Hana kwa Kiingereza, ingawa nadhani alishaelewa, maana alikuwa ameachia kijiwe alichokishika. Watu mmoja mmoja wakanyanyuka, wakarudi nyuma taratibu, wakiangalia wanapokanyaga.

Bibi Ndeonansia akasogea hadi penye udongo uliovurugwa. "Anaitwa nani?"

"Lena," Hana akasema.

"Lena," Bibi akaanza, akiinamia chini na kupaza sauti kama anayeongea na kiziwi mwenzake. "Karibu. Hapa ni kwetu, na kwako. Huyu karibu yako ni Aikaeli, mama mkwe wangu. Ni mkali, lakini watoto anawapenda, alimlea mtoto wa dada yako. Yule pale ni mume wangu, usimwogope, anaongea kwa sauti tu. Yule ni mwanangu, mume wa huyu aliyekufagia. Na hapa pembeni," akaonyesha kwa fimbo kaburi dogo la zamani, lisilo na marumaru, mawe manne tu na isale, "hapa ni binti yangu. Alikufa kwa surua. Muda wote huo yupo peke yake na wazee watupu. Sasa mko wawili."

Mama Neema alikwenda kuleta jembe, na lile jani la msamaha likaachwa mkononi mwa Hana. Aliporudi alikata tawi jingine la isale lenye mizizi, akalipanda pale pale, akalijazia udongo kwa mikono. Hana alisema maneno ya kwao, ya wafu, kwa lugha yao. Alipomaliza alikwenda akakaa chini kwenye tope, karibu na lile kaburi dogo. Akamwita Bibi Ndeonansia, akampapasia nafasi ubavuni pake.

"Na wako," akauliza, "anaitwa nani?"

Bibi hakusikia, au alidhani hakusikia vizuri. Hana akarudia, karibu na sikio lake. Yule mzee mkali akaweka fimbo chini.

"Eliwaza," akasema. "Anaitwa Eliwaza. Ni miaka mingi sana, mwanangu, hakuna mtu aliyeniuliza."